Ipakate Kwanza, Ndipo Uipige: Mwongozo Kamili wa Kucheza Pinboli Baa na Kwenye Mashindano ya Mtaani

Ndugu wanaofika Chicago huwa nawatoa jioni moja tukacheze pinboli, ule mchezo wa mashine ambao unarusha gololi ya chuma na kuizuia isizame shimoni chini, na karibu wote wanakwama palepale. Sarafu inaingia, gololi inaruka, inagonga taa mbili tatu, inarudi chini kwa kasi. Wao wanabonyeza vitufe vyote viwili mfululizo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua. Gololi inapita katikati. Inakuja ya pili, inapita. Ya tatu nayo inapita. Gemu imekwisha soda haijafunguliwa, na mgeni anasema, "Aa, huu mchezo wa bahati tu."

Bahati imo, lakini siyo iliyomtoa. Kilichomtoa ni kwamba gololi yake haikusimama hata mara moja. Waliocheza keram barazani watanielewa: hakuna anayepiga huku kete bado zinatembea. Unasubiri zitulie, unaangalia, unalenga. Pinboli inataka hivyohivyo, isipokuwa huku gololi haitulii yenyewe. Lazima wewe uitulize.

Mwongozo wote huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Ukilishika, mengine yatakuja.

## Vitu vya kuwa navyo

Dola 10, kwa sarafu za senti 25. Mashine nyingi mpya hula dola 1 kwa gemu, za zamani hula senti 50 au 75. Dola 10 zinatosha jioni nzima ya mazoezi. Kumbi nyingine hutoza kiingilio mlangoni kisha mashine zote ni za bure. Kwa anayejifunza hizo ndizo bora kuliko zote, kwa sababu huhesabu hasara kila gololi inapozama.

Kitambulisho. Mashine nyingi ziko baa, na sheria ya Marekani ya umri wa miaka 21 kwa pombe inafuatwa mlangoni. Mgeni abebe pasipoti. Zipo kumbi zinazopokea watoto mchana na kuwakatalia jioni, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuwapakia watoto kwenye gari.

Simu yenye Pinball Map. Ni ramani ya bure iliyoanzia Portland. Inaonyesha ukumbi gani una mashine gani, na wachezaji huandika humo mashine ikiharibika. Nenda palipo na mashine zaidi ya nne. Palipo na moja tu kwenye kona karibu na choo, mara nyingi haitunzwi.

Viatu vya bapa na vizibo vya masikio. Utasimama saa tatu, na kelele ni kubwa.

## Hatua ya 1: Chagua mashine kabla ya kutoa pesa

Usikimbilie yenye taa nyingi. Simama pembeni, mwangalie mwingine akicheza gololi moja, na utazame flipa. Flipa ni yale mapanga mawili mafupi ya plastiki huko chini yanayorushwa na vitufe vya ubavuni. Je, zinanyanyuka kwa nguvu? Gololi inafika juu kabisa ya rampu, yaani njia ya kupanda iliyoinuka juu ya uwanja, au inakwama nusu njia na kurudi? Flipa dhaifu hazifundishi kitu, maana hata ukilenga sawasawa gololi haifiki.

Kwa anayeanza, tafuta mashine ambayo shabaha yake kuu unaielewa kwa kuitazama tu. Medieval Madness ya mwaka 1997 ina ngome katikati: vunja lango, bomoa ngome. Attack from Mars ya 1995 ina chombo cha anga katikati: kishambulie. Zote mbili zilikuja kutengenezwa upya, kwa hiyo bado zinapatikana kwenye kumbi nyingi. Ila ujue hatari yake: kinachopigwa katikati hurudi katikati, na katikati ndiko shimo liliko.

Onyo la adabu: usiegemee mashine ambayo mtu anacheza, wala usiweke glasi juu ya kioo. Mtikisiko mdogo tu wa kiwiko chako unaweza kumwondolea gololi.

## Hatua ya 2: Soma kadi, ujue vichochoro

Chini ya kioo, upande wa kushoto au kulia wa flipa, kuna kadi ndogo ya maelekezo. Isome. Sekunde ishirini tu. Itakwambia maltiboli inaanzaje, yaani hali ya gololi mbili au zaidi kucheza kwa pamoja, na hapo ndipo pointi nyingi zilipo.

Kisha tazama pande zote mbili juu ya flipa. Kila upande una vichochoro viwili. Cha ndani kinairudisha gololi kwenye flipa yako. Cha nje kinaipeleka shimoni moja kwa moja. Kati ya vichochoro na uwanja zipo pembetatu mbili zenye raba, ambazo mimi naziita manati, kwa sababu gololi ikizigusa hurushwa kwa nguvu upande wa pili. Wageni hudhani gololi zao huzama katikati. Ukihesabu utaona nyingi huzamia vichochoro vya nje, baada ya kurushwa na manati.

Simama miguu imeachana kidogo, viganja ubavuni mwa mashine, kidole kimoja kwa kila kitufe. Mabega yalegee. Macho yafuate gololi, yasipande kwenye skrini. Skrini utaisoma gololi ikiwa imetulia.

## Hatua ya 3: Rusha kwa kipimo

Vuta mpini wa springi uone unavyojibu. Mashine nyingi hutoa zawadi ukirusha gololi ikatua mahali fulani panapomulika, kwa hiyo usivute mpaka mwisho kwa mazoea tu. Nyingine zina kitufe badala ya mpini, na hapo unasubiri taa ifike mahali pake ndipo ubonyeze.

Kwenye mashine za miaka ya karibuni, gololi ikizama ndani ya sekunde chache za mwanzo hurudishwa bure. Taa iliyo kati ya flipa mbili inakuwa inawaka. Maadamu inawaka, jaribu usichokiweza.

## Hatua ya 4: Ipakate

Hapa ndipo nataka utumie nusu ya pesa zako.

Kupakata ni kuinua flipa moja na kuishikilia juu, ili gololi itulie kwenye kona kati ya flipa na ukuta wa kichochoro cha ndani, kama mtoto mapajani. Gololi ni ya chuma, kipenyo milimita 27, uzito gramu 80 hivi, na uwanja umeinama kiasi cha digrii 6.5. Mteremko huo unakufanyia kazi: gololi iliyopakatwa haina pa kwenda mpaka uachie.

Njia ya kwanza ni ya kichochoro cha ndani. Gololi ikishuka taratibu kwenye kichochoro cha kushoto, inua flipa ya kushoto mapema, uishikilie. Gololi itapanda kidogo kwenye mteremko wa flipa, itaishiwa nguvu, itarudi konani. Usiguse kitu kingine.

Njia ya pili ndiyo ngumu kuiamini. Gololi ikija kwa kasi kutoka upande, kwa mfano inashuka kutoka kulia kuelekea flipa ya kushoto, usifanye chochote. Iache flipa ya kushoto ilale. Gololi itadunda juu yake na kuvuka hadi flipa ya kulia, na kwa kuwa mdundo umeila kasi, hapo unainua ya kulia na kuipakata. Mwili wako wote utakuambia bonyeza. Usibonyeze.

Kwa nini? Kwa sababu gololi inayokuja kwa kasi ukiipiga unairudishia kasi maradufu, bila shabaha, na itarudi tena kwa kasi hiyohiyo. Na kwa nini kitufe kimoja, siyo viwili? Kwa sababu flipa isiyohusika, ikilala, ni mlango uliofungwa. Ukiinua zote mbili, gololi ikiponyoka inapita chini ya ile nyingine na huna tena cha kuizuia.

Aliyenifanya nianze kuuelewa mchezo huu ni mzee mmoja aliyekuwa akija ukumbini na kofia ya sufu hata kiangazi. Nilikuwa nimepoteza gemu nne mfululizo. Akaweka kidole chake juu ya mkono wangu wa kushoto, hakusema neno, na gololi iliposhuka akanizuia nisibonyeze. Ikadunda kwenye flipa, ikasikika kama sarafu iliyoangukia zulia, ikavuka polepole, ikagusa flipa ya kulia. Hapo akasema, "Sasa." Nikainua. Gololi ikapanda, ikashuka, ikatulia. Ukimya ule, katikati ya baa yenye kelele, ndio ulionifanya nirudi wiki iliyofuata.

Zoezi: tumia dola nzima bila kujali pointi. Lengo lako ni kupakata tu. Ukishapakata, hesabu hadi tatu kwa sauti, piga popote, jaribu kupakata tena.

Umefaulu ukiweza kupakata mara tatu ndani ya gololi moja. Usiende hatua ya tano kabla ya hapo. Wanaoruka hatua hii ndio walewale wanaoniambia mchezo ni wa bahati.

## Hatua ya 5: Lenga kwa wakati, siyo kwa nguvu

Kitufe hakijui umebonyeza kwa hasira au kwa upole. Flipa hupiga vilevile. Unachokidhibiti ni wakati.

Achia flipa, gololi ianze kuteremka kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha. Tuseme ni flipa ya kushoto. Ukipiga mapema, gololi ikiwa bado karibu na shina, itapanda kuelekea kushoto au katikati. Ukichelewa, ikikaribia ncha, itavuka kwenda kulia. Ukichelewa mno, itaishia kwenye manati ya upande wa pili, na hapo uombe Mungu.

Chagua shabaha moja tu, rampu kwa mfano. Pakata, achia, piga. Ukikosa kwa kupita kulia kwake, umechelewa. Kwa kupita kushoto, umewahi. Kumbuka hilo, rekebisha kidogo. Kwa flipa ya kulia geuza kila kitu.

Rampu napenda kuzisisitiza kwa sababu nyingi huirudisha gololi kwenye kichochoro cha ndani, nawe ukaipakata tena. Shabaha zilizosimama wima huirudisha popote. Kati ya pointi nyingi zenye hatari na pointi za wastani zenye kurudi salama, anayeanza achukue salama.

Umefaulu ukipiga rampu moja mara tatu kati ya sita.

## Hatua ya 6: Isukume mashine, lakini ujue mpaka

Wengi hawaamini ninapowaambia kuwa kusukuma mashine kunaruhusiwa. Ni sehemu ya mchezo. Gololi ikielekea kichochoro cha nje, msukumo mfupi wa kiganja unaweza kuifanya igonge nguzo ya kichochoro na kurudi uwanjani. Msukumo uje wakati gololi inagusa kitu, siyo ikiwa hewani kati ya vitu.

Mpaka uko ndani ya sanduku. Kuna uzito mdogo unaoning'inia kwenye waya, umezungukwa na pete ya chuma. Mashine ikitikiswa sana, uzito unayumba, unagusa pete, umeme unakamilika. Mashine nyingi hutoa maonyo mawili kwanza. La tatu, skrini inaandika TILT, flipa zinakufa, gololi inazama mbele ya macho yako, na bonasi ya gololi hiyo inapotea.

Ukipewa onyo, pakata gololi na usubiri. Uzito ule bado unayumba. Msukumo mdogo sekunde hiyohiyo utakuletea onyo jingine. Wengi hupoteza gololi kwa kutojua hili. Tena, ukiifanya mashine iandike TILT, mpe nafasi anayefuata: asirushe mpaka uzito utulie, la sivyo anaanza na makosa yako.

Usipige wala usipige teke mlango wa sarafu. Hapo pana kihisi cha pili, na kikiguswa gemu ya wachezaji wote inafutwa.

## Hatua ya 7: Maltiboli bila kupapatika

Maltiboli ikianza, gololi mbili tatu zinaruka na mgeni anarudia tabia ya mwanzo, vitufe vyote viwili bila kupumua. Fanya hivi: pakata gololi moja au mbili kwenye flipa moja, uziweke hapo, kisha cheza iliyobaki kwa flipa nyingine. Ukibaki na mbili, kila flipa iwe na yake. Chagua shabaha inayomulika, piga moja, nyingine ikisubiri.

Mashine nyingi hurudisha bure gololi zinazozama sekunde za mwanzo za maltiboli. Zitumie sekunde hizo kupangilia, zikiisha anza kulenga.

## Hatua ya 8: Jiandikishe kwenye mashindano

Nenda mapema kuliko unavyodhani. Tayari ni pale unapoweza kupakata mara tatu na kutotishwa na onyo la kwanza. Mashindano ya katikati ya wiki yamejaa watu wa kawaida waliotoka kazini. Kiingilio mara nyingi ni dola 5 au 10, na sarafu za mashine mara nyingi unalipa mwenyewe.

Fika nusu saa kabla, mtafute msimamizi, toa jina. Ratiba kwa kawaida huendeshwa kwa programu ya Match Play, nawe unaona kwenye simu mashine unayotakiwa kwenda na unayecheza naye. Mashindano yaliyosajiliwa na IFPA, chama cha kimataifa cha pinboli, hupeleka matokeo kwenye orodha yake ya dunia; huhitaji kujiunga kwanza, jina lako litaingia humo kwa kushiriki.

Mifumo miwili utakayoikuta zaidi ni hii. Wa kwanza ni wa vikundi vya wanne kwenye mashine moja, mara nyingi kwa pointi 7, 5, 3 na 1 kulingana na nafasi. Unacheza raundi zote hata ukishindwa, kwa hiyo mgeni anapata thamani ya kiingilio chake. Wa pili ni wa kutolewa: kila ukishindwa unapewa alama, na ya tatu inakutoa. Ukiweza kuchagua, anza na wa kwanza.

Dada zetu wanaosita kuingia baa iliyojaa wanaume watafute Belles & Chimes, mtandao wa vikundi vya wanawake ulioanzia Oakland na wenye matawi miji mingi. Anayeanza hupokewa vizuri.

### Kanuni zinazowaangusha wageni

Zamu. Mtu mmoja ndiye anabonyeza kitufe cha kuanza, mara nne kwa wachezaji wanne, na kila mmoja anacheza gololi moja kwa zamu. Kwenye mashindano yangu ya pili nilirudi kutoka kununua maji, nikaona mashine imesimama bila mtu, nikarusha. Ilikuwa zamu ya mama mmoja aliyekuwa akifuta miwani. Msimamizi alikuja, akanieleza kwa upole, akanipa nafasi ya mwisho katika gemu ile, na ndivyo kanuni inavyotaka. Kilichoniuma zaidi ni yule mama, aliyekuwa anaongoza. Kabla hujagusa mpini, soma namba ya mchezaji kwenye skrini, kisha waulize wenzako kwa sauti: "Ni mimi?"

Mashine ikikwama. Gololi ikinasa mahali, usitikise kwa hasira na usiondoke. Kama una nyingine hai, ipakate. Nyanyua sauti umwite msimamizi. Uamuzi ni wake.

Gololi ya ziada. Mashindano mengi huzima zawadi hii au huagiza irushwe bila kuchezwa. Uliza kabla ya raundi ya kwanza.

Kuokoa kwa nguvu. Ziko mbinu za kuinyanyua mashine au kuikung'uta ili gololi iliyokwisha kuzama irudi juu. Kanuni za mashindano zinazikataza. Kusukuma kawaida kunaruhusiwa.

Mdomo. Usimsemeshe mtu gololi yake ikiwa hai, hata kwa kumsifu. Zamu yake ikiisha, muulize chochote. Wengi watakueleza mashine nzima, pamoja na yale ambayo kadi haisemi.

### Mbinu ya kikundi cha wanne

Ukiweza, omba nafasi ya nne. Anayecheza mwisho anajua pointi anazohitaji. Tuseme gololi ya tatu unayo, unaongozwa kwa pointi ambazo rampu mbili zinatosha kuzifikia: usiende kuwinda maltiboli. Pakata, rampu. Pakata, rampu. Ukishampita, achia flipa na ushukuru. Huna haja ya kuendelea kuilinda gololi ile.

Umefaulu usiku wa kwanza ukimpita japo mtu mmoja kwenye raundi moja, na ukiondoka unajua jina la mashine moja iliyokushinda. Wiki inayofuata fika saa moja mapema, nenda kwenye mashine hiyo na dola tatu, uanze tena na hatua ya nne.